Kumsomea mzee asiyeona: riwaya za upelelezi na za historia tulizopitia na yale nimejifunza

Kama una mzazi aliyekuwa msomaji na sasa macho yameenda, naandika haya kwa ajili yako, maana mimi nilipoanza sikupata mtu wa kunielekeza. Baba yangu ni mtu wa reli, alikuwa karani wa stoo tangu enzi za lile shirika la Afrika Mashariki kabla livunjike 1977, na tangu nikiwa mtoto pale Makongeni sijawahi kumwona akitoka nyumbani bila kitabu kwenye mfuko wa koti. Kilichompata ni presha ya macho, ile madaktari wanaita glaukoma. Ubaya wake haiumi. Inaanza kula pembeni, mtu anajigonga kwenye meza anasema ni uzee, na siku mnafika kliniki mnaambiwa kilichoenda kimeenda, haya matone ni ya kulinda kilichobaki. Kwa hivyo kabla sijafika kwa vitabu, tafadhali, ukishapita miaka 40, na hasa kama kwenu kuna mtu amewahi kuugua, nenda upimwe presha ya macho.

Alipohamia kwetu Umoja alikuja na nguo kidogo na katoni za vitabu ambavyo hawezi kusoma. Mchana kutwa ni redio. Tukajaribu ile njia ya simu kusoma yenyewe kwa sauti, kijana wangu akamwekea, mzee akasikiza kidogo akasema izimwe, hiyo sauti haijui mahali pa kunyamaza. Nilimwelewa. Hadithi ya upelelezi ikisomwa bila mtu wa kunyamaza mahali panapofaa inakuwa kama kusomewa risiti ya supamaketi. Basi nikaona wacha nimsomee mimi mwenyewe, jioni baada ya taarifa ya habari, watoto wakiwa kwa homuweki.

Alichoomba cha kwanza ni Bwana Msa. Wazee wa rika lake wanajua, ni yule mpelelezi wa Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, mwenye kiko chake na rafiki yake Najum, na kitabu cha kwanza kinaitwa Mzimu wa Watu wa Kale, kilichapishwa 1960. Kwenye katoni hakikuwepo, kuna mtu aliazima miaka hiyo. Nikakitafuta kwa wale wauzaji wanaopanga vitabu chini, tunaowaita inama, ukianzia Tom Mboya Street ukizunguka hadi upande wa Latema. Bei ni ya kuongea, kwa kawaida mia moja hadi mia tatu, wakati riwaya mpya kutoka nje dukani inaweza kufika elfu moja mia tano na zaidi, kwa hivyo kama unataka kufanya hili jambo mwaka mzima bila kuumia, urafiki na watu wa inama ni lazima. Mwachie mmoja namba yako na majina ya vitabu unavyotafuta, atakupigia. Na kitabu cha upelelezi kabla hujalipa fungua nyuma, angalia kurasa za mwisho zipo zote. Simu ya Kifo ya Katalambulla, ile ya 1965, tulipata nakala iliyokatika mwishoni, na bahati nzuri mzee alikuwa ameisoma akiwa kijana akanimalizia kwa kichwa, lakini wewe labda huna mtu wa kukumalizia.

Sasa Bwana Msa. Mimi nikisoma kimya kimya nilikuwa nimeona ni polepole, watu wanaongea sana, wanabishana juu ya mzimu na imani za watu wakati kuna maiti inangoja. Nikisoma kwa sauti niliona kitu kingine kabisa. Yale maongezi yameandikwa kusemwa. Mtu wa Unguja akijibizana na mwenzake kwa maneno ya kuzunguka, unapata ndani yake nani anaficha nini, na mzee alikuwa ananisimamisha, "rudia vile alijibu," kwa sababu alishaona mtego. Maoni yangu ya kweli, riwaya za Kiswahili za upelelezi za miaka ya sitini tunazidharau kwa sababu tunazisoma kwa macho haraka haraka. Zisome kwa sauti uone. Kama mzazi wako alisoma shule enzi hizo anza na hizi, usianze na kitu kigeni, kwa sababu anachokumbuka kidogo kinampa nguvu, anakuwa si mgonjwa anayesomewa, anakuwa mtu anayejua kitu ambacho wewe hujui.

Baada ya hapo nikaleta Agatha Christie, kile cha watu kumi walioalikwa kisiwani wanakufa mmoja mmoja, And Then There Were None, cha 1939. Kiingereza mzee anajua vizuri ila kwa masikio majina kumi ya Kizungu kwa mpigo ni mengi, na msikilizaji hawezi kurudi nyuma kurasa tatu kuangalia huyu Armstrong ni nani tena. Siku ya kwanza alichanganyikiwa hadi akakasirika. Siku ya pili nikabadilisha, nikaacha majina nikasema Jaji, Daktari, Jenerali, Polisi, Mwalimu, Kapteni, Mama wa Kanisa, Kijana wa Gari, Mtumishi na Mkewe. Ikashika papo hapo. Halafu yeye mwenyewe akaomba maharagwe kumi kwenye kisosi, akawa anayagusa kwa kidole, na kila mtu akifa anatoa moja anaweka kwenye mfuko wa shati. Alimshuku Mtumishi kwa nguvu zote mpaka siku ile nilisoma Mtumishi amekutwa amekufa, akakaa kimya, akatoa haragwe, akasema "haya, basi ni mmoja wa hawa," na vidole viko juu ya yale yaliyobaki anayasukuma sukuma kama mtu anayafikiria. Mjukuu wake wa darasa la sita alikuwa ameacha homuweki amesimama mlangoni. Tangu siku hiyo kila kitabu chenye watu wengi tunaanza na kupeana vyeo, na wakizidi watano kuna kitu cha kushika mkononi. Mtu asiyeona anafikiri kwa mikono pia, hili sikuwa najua.

Kuhusu kile kitabu chenyewe, ni fundi kweli yule mama, hakuna neno limewekwa bure, na ukishajua mwisho unaweza kurudi uone alikuwa amekupa kila kitu mbele ya macho yako. Lakini hao watu huwapendi. Umemaliza, umefurahi, kesho yake hawako kichwani. Mzee alikataa hilo, alisema hadithi ya upelelezi kazi yake si kukupa marafiki, kazi yake ni kukuahidi jibu na kulipa. Hayo maneno ya kulipa yakumbuke, tutarudi kwayo.

Kuna mambo ya mwili na nyumba ambayo watu hawasemi. Koo. Kusoma kwa sauti kila siku ukitoka kazini, umekaa kwa jam ya Jogoo Road, sauti inakwisha. Maji ya uvuguvugu karibu na wewe, na usisome zaidi ya nusu saa ile wiki ya kwanza hata kama mnataka kuendelea. Acha mahali pazuri, si mwisho wa sura, katikati ya jambo, hapo kesho yake atakuuliza mwenyewe saa kumi na mbili kama umefika. Kuna jioni nilikuwa sitaki, nasema ukweli, nilikuwa nataka kulala tu, na yeye amekaa amenyoosha shingo upande wangu anangoja, ukisema "leo hapana, Baba" unajisikia vibaya usiku wote. Tukakubaliana Jumatano na Jumapili hakuna kitabu. Panga hizo siku za kupumzika mapema kabla hujafika mahali pa kukasirika. Na umeme ukienda, tochi ya simu iweke begani nyuma, siyo mkononi, mkono unachoka kabla ya macho.

Historia ilianza vibaya. Nilikuwa nimesikia sifa za Wolf Hall ya Hilary Mantel ya 2009, ile ya Thomas Cromwell, mshauri wa Mfalme Henry wa Nane wa Uingereza, iliyoshinda tuzo ya Booker. Kwa kusoma mwenyewe ni kitabu kikubwa, kina watu wanaopumua. Kwa kusomea mtu ni mlima, akina Thomas wako wengi na mara nyingi huambiwi anayesema ni nani, unajua kwa kufuata tu. Tuliacha njiani. Halafu dada mmoja kazini akanipa Dissolution ya C. J. Sansom, ya 2003. Ni Cromwell yule yule, enzi ile ile, mwaka 1537, mfalme anafunga nyumba za watawa achukue mali yao, na mjumbe wa serikali anakatwa kichwa ndani ya nyumba ya watawa, anatumwa wakili mwenye kibyongo, Matthew Shardlake, achunguze. Mzee alikimeza. Kwa nini? Kwa sababu maiti imekupa swali moja la kushika, na unapofuata swali unapita jikoni, kanisani, kwa mganga wa watawa, kwenye hesabu za mashamba, na bila kujua umeshaelewa vile mfalme alivyonyang'anya kanisa. Alisema, "sasa huyo Cromwell wako nimemjua, ungeanzia hapa." Siku hizi nikitaka kuingia kwenye kipindi cha historia nisichokijua natafuta kwanza riwaya ya upelelezi ya kipindi hicho, halafu ndio naenda kwa ile nzito. Kwa mtu wa kusikiliza tofauti ni kubwa sana.

Kutoka hapo akasema, mbona tunakaa Uingereza, kwani sisi hatuna? Nikaleta Dance of the Jakaranda ya Peter Kimani, 2017. Nilijua nikiwa nasomea mtu wa reli nitapata taabu na nilipata, kwa sababu kila ukurasa wenye treni alikuwa na la kuongeza. Reli ilianza Mombasa 1896, ikafika hapa Nairobi 1899 wakati hakuna chochote ila tope na maji ya Wamaasai, ikafika ziwani 1901, Wahindi zaidi ya elfu 30 waliletwa kuijenga na karibu 2,500 wakafa. Yeye hizo namba anazo kichwani, walikuwa wakiambiana stoo. Riwaya inaanza na jambo dogo tu, kijana Rajan anayeimba hotelini Nakuru mwaka ule wa Uhuru anabusiwa gizani na mwanamke asiyemwona, anaanza kumtafuta, na katika kumtafuta inafunguka siri ya babu yake fundi wa reli na Mzungu aliyeijenga na mchungaji. Napenda sana vile imesukwa. Mwandishi anakucheka na kukupeleka mahali pa uchungu bila kukuonya. Kama una mzazi aliyefanya kazi reli, posta, bandari, tafuta riwaya ya hiyo kazi yake hata iwe ya zamani za kale. Msomaji ni wewe lakini mwenye kitabu anakuwa yeye.

A Grain of Wheat ya Ngũgĩ tulikuwa tumeisoma sote wawili zamani, mimi shuleni, yeye muda mfupi baada ya kutoka 1967. Ukiisoma tena ukiwa umetoka kwa Christie na Sansom unaona kumbe ni upelelezi wa kweli. Siku chache kabla ya Desemba 12, 1963, kijiji kinajiandaa kwa Uhuru, na swali ni moja, nani alimuuza Kihika kwa Wazungu. Kila mtu ana siri, kila mtu anakuja kuungama kwa mwenzake, na wewe unakusanya. Sitasema ni nani kwa wale hawajasoma, na tafadhali usitafute kwa intaneti. Ila nitasema kilichotokea sebuleni. Baba ni mtu wa Kakamega, alikuja Nairobi 1966, kwa hivyo mambo ya hali ya hatari, ile Waingereza walitangaza wakati wa Mau Mau, hakuyapitia mwenyewe. Lakini pale Makongeni jirani wake wa ukuta kwa ukuta alikuwa mzee aliyezolewa kwenye ule msako mkubwa wa Aprili 1954, Waingereza waliouita Anvil, akapelekwa kambi ya kizuizini ya Manyani. Baba akaniambia walikaa majirani miaka mingi na huyo mzee hajawahi kutaja Manyani hata mara moja, na kulikuwa na mwanaume mwingine kwenye laini hiyo hiyo ambaye mzee huyo hakuwahi kumsalimia. Hakuna aliyeuliza. Mimi nimekulia hiyo laini, hao wazee wote wawili nawakumbuka, walikuwa wananitumia dukani. Nilifunga kitabu kwa muda tukakaa.

Hapo ndipo nilianza kuelewa kwamba sisomi tu ili mzee asichoke. Vitabu vilikuwa vinamfungulia mlango wa kusema mambo, na mimi nikawa makini zaidi na ninachochagua.

Kuwa makini kwenyewe nilikujifunza kwa Haini ya Adam Shafi, 2003. Inatokana na yale yaliyofuata kuuawa kwa Karume Zanzibar Aprili 7, 1972, watu kukamatwa na kuteswa ili wakiri uhaini, na Shafi mwenyewe alifungwa enzi hizo kwa hivyo anaandika kitu anachokijua. Ni Kiswahili kizuri ajabu na kinauma vibaya. Ukisoma kwa macho na ukurasa ni mgumu unaweza kuruka mistari, kuangalia dirishani, kurudi. Anayesikiliza hana hiyo njia, maneno yanamfikia kwa mwendo wako wewe. Nilikuwa katikati ya mateso ya selo nikaona mkono wa mzee umeshika kiti. Nikamuuliza "Baba, tuendelee?" akasema "hapana mama" (ananiita hivyo, nina jina la mama yake), na alisema pole pole sana. Tangu hapo tuna alama, akigonga kiti mara mbili nanyamaza, hakuna maelezo, hakuna maswali. Weka hiyo alama siku ya kwanza kabisa. Haini tuliirudia baadaye mchana, saa nne asubuhi jua likiwa dirishani, na hapo aliweza. Saa ya kusoma nayo ni jambo, vitabu vya jela si vya usiku kwa mtu ambaye usiku wake hauishi.

Kwa Abdulrazak Gurnah, yule mwandishi mzaliwa wa Zanzibar, tulipumzika. Peponi, tafsiri ya Kiswahili ya Paradise aliyoifanya Ida Hadjivayanis ikatoka 2022, ni kati ya vitabu vinavyosomeka kwa sauti vizuri zaidi nilivyowahi kushika, kijana Yusuf anachukuliwa na Ami Aziz kulipia deni la baba yake, msafara unaingia bara, na lugha imerudi mahali hadithi yenyewe inatokea. Kisha Afterlives, ya 2020, kwa Kiingereza, ile ya askari wa Wajerumani na vita vya kwanza vya dunia huku kwetu. Baba akaniambia baba ya babu yake alichukuliwa kubeba mizigo kwenye vita hivyo hakurudi. Sikuwa nimewahi kusikia. Napita Kariokor karibu kila wiki, najua jina limetoka kwa Carrier Corps, kikosi cha wabeba mizigo, na zile sanamu za Kenyatta Avenue zilizowekwa 1928 nazipita nikienda benki, lakini sikujua kuna mtu wetu humo. Nikamuuliza jina lake nikaliandika nyuma ya kitabu kwa kalamu. Fanya hivyo. Weka kalamu karibu na uandike humo humo kwenye kitabu mnachosoma, tarehe na alichosema, kwa sababu kesho hakumbuki kama alikuambia.

Sasa Dust, ya Yvonne Adhiambo Owuor. Hiki ndicho tuligombania na bado tunagombania. Odidi anapigwa risasi barabarani Nairobi wakati wa ule uchaguzi wa 2007, dada yake Ajany anarudi kutoka Brazil kutaka kujua, baba yao Nyipir alikuwa polisi na ana mambo amemeza miaka na miaka, na Mwingereza anafika nyumbani kwao kaskazini kumtafuta baba yake aliyepotea. Ukisikia hivyo unasema ni upelelezi. Lakini lugha yake imevunjwa vunjwa, sentensi neno moja, neno mbili, inarukaruka miaka, na kuisoma kwa sauti nilibidi nijifunze upya, kila jioni naipitia kwanza peke yangu jikoni ndio nijue pa kuvuta pumzi. Inastahili hiyo kazi. Kwangu mimi ni riwaya kubwa kuliko zote nilizotaja hapa.

Kuna mahali inafika kwa Tom Mboya, yule waziri aliyeuawa, na mwandishi anasema baada ya hapo Kenya ilikuwa na lugha tatu rasmi, Kiingereza, Kiswahili na kimya. Mzee akasema rudia. Nikarudia. Akaniambia weka kitabu chini.

Julai 5, 1969 ilikuwa Jumamosi. Stoo zilikuwa zinafungwa adhuhuri, yeye na wenzake wakapanda mjini kwa miguu kama kawaida, wana mshahara mpya, anataka kununua viatu. Mboya alipigwa risasi mchana ule akitoka kwa duka la dawa la Chhani, Government Road, hapo ndipo sasa ni Moi Avenue. Baba hakuona tukio, aliona watu wanakimbia, wengine wanaelekea huko wengine wanatoka, halafu wakaambiwa amepelekwa Nairobi Hospital, wakaenda na umati hadi huko na hapo nje ndipo ikasemwa amekufa. Jumanne ile ya misa pale Holy Family alikuwa nje pia, moshi wa machozi ukapigwa, kiatu kimoja kati ya vile vipya kikabaki barabarani, akarudi Makongeni na kimoja. Aliyehukumiwa ni Nahashon Isaac Njenga Njoroge, akanyongwa mwaka huo huo. "Na aliyemtuma?" baba akauliza, sijui alikuwa ananiuliza mimi ama nani. Kazini Jumatatu baada ya mazishi hakuna mtu aliongea na mtu wa kabila lingine zaidi ya mambo ya stoo, na hali hiyo ilikaa muda mrefu. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na kidogo. Mimi nimekaa na yeye maisha yangu yote na hizo habari za kiatu nimezisikia kwa sababu ya riwaya.

Tulimaliza Dust, na alivyomaliza hakufurahi. Anasema mwandishi ana kipaji lakini amemnyima. Mambo mengine yanaelezwa, mengine yanaachwa hewani, na yeye anasema mtu anayeandika habari ya mauaji ana deni. Nikamwambia Baba, hiyo ndiyo hali yetu, wanasiasa wetu waliouawa, Pio Gama Pinto 1965, Mboya 1969, J. M. Kariuki 1975, Robert Ouko 1990, nani ametuambia ukweli wote, mwandishi angetoa wapi mwisho uliofungwa vizuri bila kudanganya? Akanijibu maneno ambayo nimeyabeba hadi leo. "Mama, sisi tumenyimwa jibu kwa serikali, kwa korti, kwa tume. Sasa hata kwa hadithi tunyimwe? Huko angalau mtu angetupa."

Sikuwa na jibu la haraka. Bado naamini Owuor alifanya sawa, kwamba kitabu kingemtaja mtu mmoja mwishoni kingekuwa kimedanganya wazee wa umri wa baba yangu, na kwamba ule ukimya wa Nyipir umeandikwa na mtu aliyeusikia sebuleni kwao. Lakini sasa nikichukua Christie simwoni tena kama mambo ya kupitisha wakati. Naona mzee na maharagwe yake, anavyotaka sana mtu aseme ni nani, aseme kwa jina, mbele ya watu wote chumbani. Kwa hivyo siku hizi napanga zamu, moja ya kufungwa, moja ya kuachwa wazi. Baada ya kitabu kilichomuumiza hatuingii kingine kama hicho. Baada ya Dust tulienda Nairobi Heat ya Mukoma wa Ngugi, mpelelezi Mmarekani mweusi anakuja hapa kwetu kufuata kesi, ni nyepesi na ina mbio, bunduki ni nyingi kuliko ninavyopenda lakini inataja mitaa yetu na mzee alikuwa anasahihisha njia. Ilimrudisha.

Kama nguvu zinaruhusu mtoe nje pia. Nilimpeleka McMillan, maktaba ile ya Banda Street ya 1931, ambayo ilijengwa kwa Wazungu na Mwafrika akakaa nje miaka mingi. Alitaka kugusa simba wa mlangoni. Anasema mara ya kwanza kuingia humo alikuwa na shati la kazi na alikaa lisaa lizima bila kufungua kitabu, anaangalia tu. Teksi ya kwenda na kurudi ilikula hela ya vitabu vya mwezi na sijutii, lakini jipange, ngazi ni nyingi na tulihitaji watu wawili wa kumshika.

Sasa hivi tunarudia Kuli, pia ya Adam Shafi, ya 1979, kuhusu mgomo wa makuli wa bandari Zanzibar 1948, na mzee anaipenda kwa sababu ni watu wa mizigo. Anachotaka baada ya hapo ni Kaburi Bila Msalaba ya Kareithi, ile ya vita vya Mau Mau iliyotoka 1969. Nimeitafuta inama zote ninazojua, River Road, hadi kwa wauza vitabu vya shule Gikomba, sijapata. Kama unayo nyumbani imelala, hata kama jalada limetoka, tafadhali niazime ama uniuzie, nitaitoa kopi na kuirudisha ikiwa salama. Kagua tu kwanza kama kurasa za mwisho zipo.